Kikundi: Chumba cha Bibi

Dada Mkubwa, saa 1:05 asubuhi: Asalaam aleikum nyote. Fundi anamwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, la chumba kipya cha Bibi kinachoungwa na nyumba ya zamani keshokutwa, na waliotuma mchango ni wawili tu. Zege jipya halishikamani na zege kavu kwa kumwagwa tu, kwa hiyo ukingo wa jamvi la zamani uchongwe hadi kokoto zionekane, kisha utobolewe kwa drili katikati ya unene wake kila baada ya sentimita 40, vumbi lipulizwe litoke, na kila tundu liingizwe nondo ya milimita 12 kwa kina cha sentimita 15, ishikwe kwa gundi ya epoksi.

Dada Mkubwa, saa 3:40: Naona mmesoma, ila hamjibu.

Shemeji, saa 3:52: Kumbe ni ndoa! Nondo ndiyo mahari. Nami nipo tayari kwa pilau.

Kaka, saa 6:15 mchana: Gundi hiyo ni ghali. Fundi wangu anasema uji wa saruji unatosha.

Dada Mkubwa, saa 6:16: Fundi wako ndiye aliyeunganisha jiko mwaka 2019, na leo ufa wake unameza sarafu ya shilingi 200.

Kaka, saa 6:20: Mambo ya jiko tuliyamaliza msibani, tena zile fedha sikuzishika peke yangu.

Shemeji, saa 6:21: Sarafu hiyo ikitolewa, ihesabiwe kuwa mchango wangu.

Baba Mkubwa, saa 11:30 jioni: Wanangu, jiko lilipasuka kwa sababu jamvi la zamani lilikuwa limekwisha kutulia, ilhali kifusi kipya kilijazwa kwa siku moja, kikashindiliwa juu juu, kikadidimia. Leo nimechoma kifusi cha chumba cha mama yangu kwa bakora, ikazama hadi mkononi. Hapamwagwi kitu mpaka kifukuliwe na kushindiliwa upya, sentimita 15 kila tabaka.

Dada Mkubwa, saa 1:48 usiku: Shikamoo Baba Mkubwa, tumekusikia. Nondo zitabaki, lakini fundi amekwisha kuchukua nusu ya malipo, na mashine ya kushindilia hukodishwa kwa siku. Nani atailipia?

Kaka, saa 3:10: Nitalipia mashine. Gundi sitalipia.

Binamu, saa 4:25: Samahani, nilikuwa kazini. Nailoni ya kuzuia unyevu italazwa juu ya ile ya zamani, au ukuta wa Bibi utavuta maji tena?