Naomba ushauri: PD-L1 kwenye saratani ya ulimi inatuambia nini?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba msaada wa wenye uelewa wa saratani ya kinywa.

Baba mdogo amekutwa na saratani ya ulimi. Haijafika mapafuni, ila tezi moja ya shingo imevimba, na upasuaji umeshapangwa. Majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa (biopsi) yanasema PD-L1, yaani protini inayosaidia uvimbe kuzima seli za kinga, ni 15 kwa kipimo cha CPS (alama ya wingi wa seli zenye PD-L1, za saratani na za kinga, zikilinganishwa na seli za saratani), na seli za kinga za CD8 ni nyingi pembezoni mwa uvimbe lakini chache katikati. Nyumbani tumegawanyika: mmoja analia kwamba 15 ni kubwa, mwingine anashangilia hiyo hiyo 15!

Nimesoma kadiri nilivyoweza. CD8 zikiwa nyingi ndani ya uvimbe, mara nyingi wagonjwa huishi muda mrefu zaidi. Hapo sina shida. PD-L1 ndiyo inanivuruga. Tafiti zinapingana kuhusu uhai, lakini CPS kuanzia 1 hutumika kuchagua wa kupewa pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili ishambulie saratani, na mwaka 2025 Marekani iliiruhusu ianze hata kabla ya upasuaji. Daktari alisema tu tusubiri upasuaji.

Je, CPS 15 inabashiri uhai wake, au ni ya kuchagulia dawa tu, na cha kutazama zaidi ni kina cha uvimbe na hali ya tezi?

Pia, PD-L1 hutofautiana sehemu na sehemu ndani ya uvimbe mmoja. Tuombe kipimo kirudiwe kwenye uvimbe utakaotolewa, au kile kinyama kidogo kinatosha?

Tunarudi kliniki wiki ijayo.