Nimepewa mkataba wa fimbo mpya za gofu: nitie saini au nibaki na zangu?

KediWaMangapwani

Assalamu alaykum wanajukwaa. Jambo hili linaninyima usingizi, na nyumbani hakuna anayecheza gofu nikamuuliza.

Nina miaka 24. Nilipomaliza skuli nilianza kubeba mifuko ya wageni kwenye kiwanja cha mashimo tisa upande wa Mangapwani, hapa Unguja. Jioni, wageni wakishaondoka, sisi makedi tulikuwa tukiruhusiwa kupiga, na ndiko nilikojifunza. Fimbo zangu ni 11, kila moja na kiwanda chake. Aini, zile fimbo zenye kichwa cha chuma na namba, niliachiwa na mgeni mmoja mzee alipokuwa anarudi kwao, za zamani, uso mwembamba. Pata, ile ya kutilia mpira shimoni, niliinunua Darajani kwenye vitu vya mtumba, shilingi elfu kumi na tano, na raba yake ya kushikia nimeshaibadilisha mara mbili. Kila usiku nazifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, maana chumvi ya baharini haichelewi kuzila.

Mwaka huu nimevuka na boti mara nne kwenda kushindana Dar. Safari ya mwisho nilimaliza wa tatu upande wa ridhaa, na hapo akanifuata mfanyabiashara anayeuza vifaa vya gofu. Anataka kunipa bure fimbo 14, mfuko, kofia, mipira, pamoja na nauli ya boti kwa miaka miwili. Sharti lake: fimbo zote 14 na mpira viwe vya kampuni anayoiuzia, nisionekane na nyengine yoyote.

Alinipa nizijaribu wiki moja. Aini namba 7 yangu naijua, yadi 150, na kaskazi ikivuma usoni nachukua namba 6, maana namba ikipungua mpira unakwenda mbali zaidi. Namba 7 yake ilikwenda 165, mara nyengine 170, inaruka grini nzima, pale penye majani mafupi na shimo, na kuangukia majani marefu. Na pata yake sikuelewana nayo kabisa. Shimo la futi nne, ambalo nalitia nikiwa na usingizi, nililikosa mara tatu jioni moja.

Wale wakubwa huamua vipi? Wanakubali vipi kuziacha fimbo zilizowapa ushindi? Na nikipokea vitu hivi, bado nitahesabiwa mchezaji wa ridhaa?

MzeeWaMfuko

Waalaykumu salaam mwanangu. Nimebeba mifuko miaka 19, Dar na huku kwetu, na suala lako nimelisikia kwa vijana wengi. Umefanya vizuri kuuliza kabla kalamu haijagusa karatasi.

Namba 7 yake inakwenda mbali kwa sababu uso wake umesimama zaidi. Viwanda vya leo vinatengeneza namba 7 ambayo enzi zetu tungeiita namba 6, pengine 5. Haina ubaya, lakini hesabu zote ulizonazo kichwani zinavunjika, na mchezaji wa mashindano anaishi kwa hesabu hizo. Fundi anaweza kuukunja uso nyuzi moja au mbili. Mwambie huyo bwana alipie kazi hiyo.

Sasa hao wakubwa. Rory McIlroy alitwaa PGA Championship, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, Agosti 2012 kwa tofauti ya mikwaju 8, mfukoni ana fimbo za Titleist. Januari 2013 akahamia Nike, fimbo na mpira kwa pamoja. Mashindano ya kwanza, Abu Dhabi, alipiga mikwaju 75 siku ya kwanza na 75 siku ya pili, mingi mno, akatolewa. Na siku hiyo ya pili alikuwa ameshairudia pata yake ya zamani! Mwaka ule ulikuwa mzito kwake. Baadaye alizoea, 2014 akachukua The Open na PGA kwa fimbo zile zile za Nike. Kwa hiyo kuzoea kunawezekana, ila kunakula muda, na yeye muda alikuwa nao.

Mtazame na Tiger Woods. Alikuwa mtu wa Nike tangu 1996, lakini hakubadilisha kila kitu kwa siku moja. Mwaka 2000 alianza na mpira, na Juni ile akashinda US Open pale Pebble Beach kwa tofauti ya mikwaju 15, mpira wa Nike, aini za Titleist. Draiva, ile fimbo ya kupiga mbali, na aini zikafuata baadaye. Pata yake ya chapa ya Scotty Cameron aliing'ang'ania mpaka 2010. Fikiria, kampuni inamlipa fedha zote zile na pata ni ya mwengine, na kampuni imekubali! Maana walijua mkono unaotia mpira shimoni hauchezewi.

Ndiyo maana mikataba mingi ya wachezaji wa kulipwa haitaji fimbo zote 14. Inataja 10 au 11, na mpira, na kofia ambayo kamera inaiona. Zinazobaki mtu huchagua mwenyewe, na mara nyingi pata ndiyo inayobaki. Omba hivyo hivyo. Usione haya.

Forodhani77

Mimi ni mtu wa mpira wa miguu, gofu siijui, lakini nasema chukua kijana. Nauli ya boti miaka miwili! Mimi niliwahi kukataa njumu za mdhamini kwa sababu zilinibana, akapewa mwenzangu, na safari zote za nje akaenda yeye. Mpaka leo inaniuma.

MzeeWaMfuko

Forodhani, ndugu yangu, maumivu yako nayaelewa. Lakini nauli itampeleka Dar kufanya nini kama shimo la futi nne halitii? Akifanya vibaya mashindano matatu mfululizo, huyo mdhamini mwenyewe ataacha kupokea simu zake.

BintiWete

Kaka, suala la ridhaa limeshafunguka. Tangu Januari 2022 kanuni zimebadilishwa, mchezaji wa ridhaa anaruhusiwa kudhaminiwa na kupokea vifaa. Kinachobana ni zawadi ya mashindano, ambayo kwa kanuni hizo isizidi dola 1,000, na pia usilipwe kwa kufundisha. Kwa hiyo wageni wakikuomba uwafundishe, kuwa makini khasa.

Kazi yangu ni kusomea watu karatasi kabla hawajatia saini. Muulize: nikiumia mkono, fimbo zinarudi? Nani analipia raba zikichakaa, maana kwa jasho na unyevu wa huku hazifiki mwaka? Na kampuni ikiacha kutengeneza? Agosti 2016 Nike ilitangaza kuacha kutengeneza fimbo, mipira na mifuko, wachezaji wake wakabaki kutafuta pa kwenda.

MzeeWaMfuko

Ahsante sana binti yangu, umenikumbusha Brooks Koepka. Alikuwa mmoja wa hao wachezaji wa Nike. Baada ya hapo alikaa miaka bila mkataba wa fimbo, anachanganya anachokiamini: draiva ya TaylorMade, aini za Mizuno, pata ya Scotty Cameron, na aini namba 3 ya Nike iliyokwisha kuachwa kutengenezwa. Kwa mfuko huo wa mchanganyiko alishinda US Open 2017 na 2018, PGA 2018 na 2019. Mwanangu, mfuko wako wa viwanda vingi si wa kuuonea aibu.

KediWaMangapwani

Shikamoo ami, na ahsanteni nyote. Nimempigia leo baada ya Laasiri. Nimemwambia nitabeba fimbo 10 zake, kofia na mfuko, aini zikunjwe kwanza, mpira nianze nao mwezi ujao, na pata ni yangu. Alikaa kimya, nikadhani amekata. Kisha akasema pata amekubali, lakini mpira anautaka kuanzia mashindano yanayokuja. Suala la raba na kuumia ataliandika, nitamletea BintiWete asome.

Kuhusu mpira bado sijamjibu. Ami, Jumapili nakuja kwako na mipira ya aina zote mbili. Nikipiga vile vipigo vifupi vya kuingia grini naomba usimame nyuma yangu uangalie, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshaanza kutoyaamini macho yangu.