L'Inconnu du lac: kwa nini Franck hakumtaja muuaji?

Mpekuzi wa Tanga:

Ndugu wapenzi wa hadithi za upelelezi, salaam. Hivi karibuni nilitazama filamu ya Kifaransa iitwayo L'Inconnu du lac, iliyoongozwa na Alain Guiraudie na kutoka mwaka 2013, na hadi leo sijaweza kuiweka pembeni. Kwa wasioijua, kisa chote kinatokea kwenye ufukwe wa ziwa ambako wanaume huja kuogelea, kuota jua na kutafutana kimapenzi vichakani. Kijana Franck anamtamani Michel, mwanamume mtanashati mwenye masharubu ambaye tayari ana mtu wake. Jioni moja, akiwa kati ya miti juu ya ufukwe, Franck anamwona Michel akimzamisha mpenzi wake huyo hadi anakufa. Haupiti muda, Franck mwenyewe anakuwa mpenzi wa Michel, na inspekta anapofika kuhoji, anadanganya.

Nina mambo mawili yanayonitatiza. Iwapo muuaji tunamjua mapema namna hiyo, fumbo limebaki wapi? Na yale matukio ya ngono, ambayo mwongozaji ameyaonyesha waziwazi bila kuyafunika na chochote, yanaitumikia hadithi au yamewekwa ili filamu izungumzwe? Naomba tujadili filamu yenyewe. Anayetaka kujadili kama watu wa aina hiyo wana haki ya kuwa wahusika wa hadithi, afungue uzi wake. Natahadharisha pia kwamba majibu huenda yakafichua mwisho.

Mwanaharusi:

Kaka Mpekuzi, sisi tuliojifunza upelelezi kwa Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake tumezoea kwamba maiti ikionekana ukurasa wa kwanza, jina la muuaji litatajwa ukurasa wa mwisho, na katikati ni kazi ya akili. Guiraudie amelipindua jambo hilo. Jina la muuaji tunapewa bure, na kinachobaki kuchunguzwa ni moyo wa shahidi. Kwa maoni yangu fumbo hili ni gumu kuliko lile la kawaida, kwa sababu hakuna alama ya kidole wala tiketi ya treni itakayolifumbua.

Litazame tena tukio la mauaji. Kamera imekaa mbali, pale alipo Franck, na haikati. Tunaona vichwa viwili majini, wanaume wawili wanaocheza kama wanavyocheza watu wote ziwani, mmoja anamkandamiza mwenzake, anaibuka, anakandamizwa tena, na kwa muda mrefu hatuna hakika kama ni mchezo au la. Kisha kinabaki kichwa kimoja. Michel anaogelea taratibu hadi ufukweni, anavaa nguo zake, anaondoka. Hakuna muziki wa kutuambia tuogope, na kwa kweli hakuna muziki wowote katika filamu hii, ila upepo, maji na wadudu. Waongozaji wengi wangetupeleka karibu ili tuone uso wa anayekufa. Huyu ametuacha mbali pamoja na Franck, na kwa kuwa sisi nasi tulinyamaza na kuendelea kutazama, tumekuwa washirika wake kabla hatujapata nafasi ya kumhukumu.

Siku inayofuata, taulo la marehemu liko palepale kwenye mawe na gari lake liko palepale maegeshoni. Watu wanalipita wakienda kuogelea. Mimi taulo lile lilinitisha kuliko kisu kinachotokea baadaye.

Msomi wa Mvita:

Dada Mwanaharusi ameeleza vizuri, na kuhusu tukio la ziwani sina la kupinga. Lakini tusiivike filamu hii sifa zisizo zake. Inspekta Damroder ni mhusika asiyeaminika hata kidogo. Anatokea vichakani peke yake, anauliza maswali yaleyale, na mwishoni anazungukazunguka kwenye giza karibu na mtu anayemshuku kwa mauaji, bila hata askari mmoja wa kumsaidia. Kwa msomaji wa riwaya za upelelezi hilo ni tusi. Mtunzi aliyemaliza kazi na mhusika wake angetafuta njia bora ya kumwondoa jukwaani kuliko kumpeleka mwenyewe kwenye kisu.

Kuhusu swali la pili, inajulikana kwamba katika matukio yaliyo wazi zaidi waigizaji wakuu hawakufanya wenyewe, bali walitumiwa watu wengine wa kuziba nafasi zao. Sasa nauliza: ikiwa mwili wa mhusika unaweza kuondolewa na kuwekwa wa mtu mwingine, na hadithi isitikisike, je, tukio lenyewe lilikuwa la mhusika kweli? Mapenzi ya Franck kwa Michel nimeyaona machoni pake tangu dakika za mwanzo. Sikuhitaji kuthibitishiwa. Na sisemi hivi kwa sababu ni wanaume wawili. Ningesema hivyohivyo kama wangekuwa mwanamume na mwanamke.

Mkaazi wa Marseille:

Wakuu, naomba niingie kwa kuwa naishi si mbali sana na mahali hapo. Filamu ilipigwa kwenye ziwa la Sainte-Croix, huku Provence, ambalo si ziwa la asili bali ni maji yaliyokusanywa na bwawa la umeme kwenye mto Verdon katika miaka ya 1970. Kijiji cha Les Salles-sur-Verdon kilimezwa na maji hayo na wakazi wake wakajengewa kingine juu zaidi. Majira ya joto ufukwe wake hujaa familia, watoto na vyakula vya pikiniki. Nalitaja hili kwa sababu katika filamu hakuna hata chembe ya ulimwengu huo. Mji hatuuoni, nyumba ya mtu hatuioni, kazi ya mtu hatuioni. Kila siku inaanza na gari la Franck likiingia maegeshoni na inakwisha giza likishuka. Mwongozaji amelifunga ziwa kama chumba, na kila aliye ndani ni mshukiwa au shahidi. Ukiitazama hivyo, Ndugu Msomi, hata inspekta anaeleweka zaidi. Yeye ni mtu wa nje aliyeingia chumbani asichokijua, na swali lake kubwa si la ushahidi. Anawashangaa wanaume hawa kwamba mmoja wao amekufa na bado wamerudi kuota jua kana kwamba hakuna kilichotokea, na anamwambia Franck waziwazi kwamba wana namna ya ajabu ya kupendana. Swali hilo lilihitaji mtu wa kuliuliza.

Kuhusu ngono, sikubaliani nawe. Mapema katika filamu Franck yuko na mwanamume mwingine vichakani, na suala la kondomu linajitokeza wazi kama jambo la kawaida la tahadhari. Anapofika kwa Michel, tahadhari hiyo anaiacha. Hapo hajawa na lolote la kumwogopa Michel zaidi ya tamaa yake mwenyewe? La, ndugu yangu, kwa wakati huo ameshamwona akiua. Kwa kizazi cha wanaume walioishi miaka ya UKIMWI hapa Ufaransa, tukio hilo lina uzito ambao mazungumzo matupu yasingeubeba. Liondoe kwa ajili ya heshima ya watazamaji, na utakuwa umeondoa ushahidi mkuu wa kesi: kwamba Franck anaijua hatari, anaipima, na anaichagua. Baadaye Michel anapomwita majini, naye anasita kisha anaingia, tunaogopa kwa sababu tulishaona jinsi anavyofanya maamuzi.

Kuna jambo jingine la pembeni. Filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwezi Mei 2013, ikampatia Guiraudie tuzo ya uongozaji katika kitengo cha Un Certain Regard, na mwezi huohuo sheria ya ndoa za jinsia moja ilitiwa saini Ufaransa baada ya maandamano makubwa. Mwezi Juni mabango yake, yenye mchoro wa wanaume wawili wanaobusiana, yaliondolewa katika miji ya Versailles na Saint-Cloud. Mchoro tu! Waliokerwa walikerwa na bango, si filamu yenyewe.

Nyota ya Bahari:

Mbona hakuna aliyemtaja Henri? Yule mzee mnene anayekaa peke yake na nguo zake, asiyetafuta mtu, anayetaka mazungumzo tu. Kwangu yeye ndiye mpelelezi wa kweli wa hadithi hii. Anamtambua Michel kwa kumtazama, anamweleza usoni anachokijua, kisha anaelekea mwituni akijua vizuri atafuatwa. Mapenzi yake kwa Franck hayana mguso wowote wa mwili na ndiyo pekee yaliyotoa kitu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yale mengine yameonyeshwa kwa uwazi vile: bila ya hayo, Henri asingekuwa na tofauti na yeyote pale ufukweni.

Mpekuzi wa Tanga:

Nawashukuru nyote. Hoja ya kondomu sikuwa nimeifikiria, na hoja ya Henri imenifanya niirudie nusu ya pili. Nimegundua pia kwamba Michel anakataa kula chakula cha jioni na Franck, anakataa kulala naye usiku, anataka waonane ziwani tu. Franck anaomba maisha, Michel anampa alasiri. Pengine ndiyo sababu hakumtaja: kumtaja kungemwondolea hata hizo alasiri.

Kinachonisumbua sasa ni dakika za mwisho. Henri amekufa, inspekta amechomwa kisu, Franck amejificha kwenye majani huku Michel akimwita gizani kwa sauti ya upole. Sauti inanyamaza. Franck amenusurika. Kisha anasimama na kuanza yeye kumwita Michel. Je, anamtafuta ili afe, au anamtafuta kwa sababu ameshindwa kulala peke yake?

Msomi wa Mvita:

Kuhusu kondomu nimemwelewa Ndugu wa Marseille, ingawa bado naona tukio moja lingetosha pale alipoweka matatu. Kuhusu mwisho, nadhani unauliza swali lenye majibu mawili mahali ambapo Franck mwenyewe hayatenganishi. Msikilize anavyoita. Mara ya kwanza anaita kwa woga, kama mtu anayehakikisha kwamba adui ameondoka. Zinazofuata anaita kama mtu aliyeachwa. Ila inspekta simsamehi.

Mwanaharusi:

Inspekta msamehe tu, Msomi. Bwana Msa naye mara nyingi alikuwa na rafiki yake Najum tu.