Mjadala: Misawa aliuawa na mitupo ya kichwa au na ratiba?

Kona Nyekundu (mleta mada)

Wakuu, swali hili hurudi kila Juni 13 na watu huishia kutukanana. Safari hii tulete vitu vya kushikika.

Mitsuharu Misawa, mwanamieleka wa Kijapani, alifariki Hiroshima mwaka 2009, siku 5 kabla ya kutimiza miaka 47. Lilikuwa pambano la jozi: yeye na Go Shiozaki dhidi ya Akitoshi Saito na Bison Smith, waliokuwa wakishikilia mikanda ya ubingwa wa jozi ya NOAH, kampuni ya mieleka ya Misawa mwenyewe. Saito alimtupa kwa nyuma, Misawa hakuinuka, refa akasimamisha pambano, moyo ukasimama, na usiku huohuo hospitali ikatangaza kifo.

Msimamo wangu: mitupo ya kumwangusha mtu kwa kichwa ipigwe marufuku Japani nzima, na mfano wa kwanza ni mtupo wa Misawa mwenyewe, Tiger Driver '91. Unamwinamisha mpinzani kichwa kikiwa mbele ya mapaja yako, unapitisha mikono chini ya makwapa yake na kuifungia mgongoni, unamnyanyua, kisha unapiga magoti. Kwenye Tiger Driver ya kawaida mikono huachiwa hewani na mtu anatua kwa mgongo. Kwenye hii ya '91 mikono imefungwa mpaka chini, kwa hiyo uzito wote unapokelewa na kisogo na shingo. Mafunzo ya kuanguka hayasaidii kitu hapo, maana mikono ya kuangukia imeshikwa. Ndiyo iliyomaliza pambano lake na Toshiaki Kawada pale ukumbi wa Budokan, Tokyo, Juni 3, 1994, ambalo wengi wetu tunalitaja kama kilele cha mieleka ya Kijapani.

Kamba ya Tatu

Maelezo nayakubali, hukumu siikubali. Mtupo wa mwisho wa Saito ulikuwa bakudoroppu ya kawaida, ambayo utaiona mara tatu nne kwenye onyesho moja. Unasimama nyuma ya mtu, unaingiza kichwa chini ya kwapa lake, unamkumbatia kiuno, unamnyanyua na kuanguka naye kinyumenyume. Anayetupwa ana kazi nne kwa wakati mmoja: kidevu kigande kifuani, macho yatazame kitovu, mgongo wa juu utangulie kugusa turubai, mikono miwili ipige chini na pumzi itoke. Wajapani huita ukemi, na mwanafunzi hufundishwa hiyo kabla ya kufundishwa kumtupa mtu yeyote. Misawa alikuwa ameifanya tangu Agosti 1981.

Sasa niambie sheria yako ingemwokoa nani. Hayabusa, Oktoba 2001 pale Korakuen Hall: mguu uliteleza kwenye kamba akiruka kinyumenyume, akapooza. Katsuyori Shibata, Aprili 2017: alimpiga Kazuchika Okada kichwa kikavu, damu ikavuja ndani ya fuvu lake mwenyewe, akakimbizwa kupasuliwa. Yoshihiro Takayama, Mei 2017: alijaribu kumvingirisha mpinzani apate hesabu ya tatu, akatua vibaya, akapooza kuanzia shingoni. Hakuna mtupo wa kichwa hata mmoja hapo.

Turubai

Kamba ya Tatu unahesabu tone la mwisho na kusahau ndoo.

Angalia Januari 22, 1999, Osaka. Kawada anamnyanyua Misawa kwa pawabomu, yaani kumpandisha mtu mabegani na kumbwaga kwa mgongo, Misawa anajikaza asipande, nguvu zinaisha njiani na Misawa anashuka wima, kichwa chini, kama mchi kwenye kinu. Mkono wa Kawada ulikuwa umeshavunjika humohumo ulingoni. Pambano likaendelea na mkanda ukabadilisha mikono. Kisha Machi 1, 2003: Misawa anamtupa Kenta Kobashi kutoka kwenye jukwaa la kuingilia hadi sakafuni, Kobashi anainuka, na anamaliza kwa Burning Hammer, nyingine ya kichwa.

Visahani vya kati ya pingili za shingo havina bima. Vikishalika, mfupa huota vipembe na kubana neva. Kwanza vidole hufa ganzi, halafu mkono unapungua nguvu, halafu misuli ya mbele ya shingo inachelewa. Na hiyo misuli ndiyo inayoshikilia kidevu kifuani kwenye ile bakudoroppu yako "ya kawaida". Ikichelewa sehemu ya sekunde tu, ukemi hakuna. Sasa mtupo uliomuua ni upi, wa 2009 au yote iliyotangulia?

Kona Nyekundu

Asante Turubai. Na msiniambie haiwezekani. Wamarekani wa WWE waliipiga marufuku piledraiva, mtupo wa kumshusha mtu wima kichwa chini, wanamieleka Undertaker na Kane peke yao wakaruhusiwa kama watu maalumu, na biashara haikufa. Steve Austin aliumizwa shingo na mtupo wa aina hiyo Agosti 1997, somo lipo.

Mhasibu wa Ulingo

WWE ni kampuni moja yenye bosi mmoja. Japani kuna kampuni kubwa, za kati na za mtaani, na hakuna chombo kinachotoa leseni kwa mwanamieleka. Ndondi wana Kamisheni ya Ndondi ya Japani, na ukipigwa ukazimia unapumzishwa kwa lazima. Mieleka imeachiwa kila promota na dhamiri yake. Kona Nyekundu, marufuku yako ingesimamiwa na nani?

Na mimi naona wote mnalitazama turubai tu, wakati jibu liko ofisini. Giant Baba, mwenye kampuni ya mieleka ya All Japan, alifariki Januari 1999, Misawa akawa rais wa kampuni hiyo. Mwaka 2000 akagombana na mjane wa Baba, akaondoka na wanamieleka wote Wajapani isipokuwa wawili, Kawada na Masanobu Fuchi, akaanzisha NOAH. Kuanzia hapo mtu mmoja ni mwajiri, ndiye sura ya bango, na ndiye anayesaini mikataba. Desemba 2006 akatwaa tena mkanda mkuu akiwa na miaka 44 na kuushika mpaka Machi 2008, kwa sababu Kobashi alikuwa ametolewa na saratani ya figo. Machi 2009 Nippon TV ikaondoa kipindi cha NOAH kwenye matangazo ya kawaida. Fedha ya televisheni ikikatika, kinachobaki ni tiketi za mikoani, na mtazamaji wa Hiroshima analipa kumwona Misawa. Akikaa nje miezi sita shingo ipone, nani analipa mishahara ya wale aliohama nao?

Kamba ya Tatu

Hapo Mhasibu tunaelewana. Basi tudai vitu vinavyopimika. Picha ya MRI ya shingo kila mwaka, na isomwe na daktari asiyelipwa na kampuni. Kabla ya onyesho, kipimo cha nguvu ya kushika kwa mikono yote miwili, kiandikwe, na tofauti ikikua mtu asipande. Ubao wa mgongo na kola ngumu viwe kando ya ulingo, na vijana wafundishwe kutomgeuza mtu aliyelala. Hiroshima kifaa cha kushtua moyo kilikuwepo na kilitumika. Lakini kifaa hicho hurekebisha mapigo yaliyovurugika, hakiungi uti wa mgongo. Uti ukikatika juu shingoni, pumzi inakata hapohapo.

Turubai

Na refa? Wote mmemruka. Yule refa alikuwa mwajiriwa wa NOAH, na aliyelala mbele yake ni rais wa NOAH. Usiku ule alisimamisha, sawa, mtu alikuwa hasogei. Ila je, dakika kumi kabla, akiona bosi anachelewa kuinuka, angethubutu kupiga X ya mikono, ile ishara ya kwamba mtu ameumia kweli?

Kona Nyekundu

Asingethubutu. Bakudoroppu naitoa kwenye orodha yangu. Tiger Driver '91 inabaki, na Burning Hammer pia. Mhasibu, rudi utuambie kamisheni ya mieleka ingelipwa kutoka mfuko gani, maana ya ndondi inaishi kwa ada za leseni na mapromota wa mieleka hawajawahi kutoa hata yeni moja.