Kipasha moteri, bujia ao batri mpya: nianze na kipi?

Mwana_Kampemba
Jambo yenu wakubwa. Gari yangu ya mazutu (dizeli) inakataa kuwaka asubuhi tangu baridi ianze hapa Lubumbashi. Mchana haina shida. Mbele, chini ya bampa, unaning'inia waya wenye prizi ya meno matatu. Fundi anasema ni wa rezistansi ya kupasha moteri, na kwamba imekufa. Amenipa njia tatu: kuagiza rezistansi mpya, kubadilisha bujia zote za kupasha silinda, ao kununua batri mbili. Mwezi huu pesa yangu inatosha njia moja tu. Mngekuwa nyinyi mngeshika ipi?

Fundi_Katuba
Ndugu, gari gani? Moteri gani, ya mwaka gani? Demarere (starta) inazunguka kwa nguvu ao inajikokota? Moshi unatoka, na ni wa rangi gani? Bila hayo tunabahatisha na pesa yako.

Papa_Ruashi
Batri. Nimeendesha malori miaka mingi, na kila Juni ni hadithi ile ile: batri iliyoonekana nzima mwezi wa tatu inalegea. Baridi inapunguza nguvu ya batri, na wakati huohuo mafuta ya moteri yanakuwa mazito. Funga batri mpya, mengine utayaona baadaye.

Mwana_Kampemba
Mnisamehe, nilisahau. Ni Ford F-350 ya 2001, moteri ya lita 7.3. Ilitoka Kanada, ikashukia Dar es Salaam, ikapita Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Demarere inazunguka vizuri. Moshi mweupe mwingi, unachoma macho, na gari inawaka ikitetemeka baada ya kujaribu mara nne ao tano.

Fundi_Katuba
Basi kwa heshima yote, Papa Ruashi, kama demarere inazunguka kwa nguvu, batri si ya kwanza kushukiwa. Moshi mweupe ni mazutu yaliyoingia kwenye silinda bila kushika moto. Mazutu yanafika, joto ndilo halipo. Hiyo ni kazi ya bujia.

Moteri hiyo ina bujia 8, zote ziko chini ya vifuniko vya valvu. Usikubali zing'olewe kabla ya kupimwa. Anza na rele yake, yaani swichi inayopeleka umeme kwenye bujia; iko juu ya moteri karibu na chujio la mazutu, na inakufa mara nyingi. Alfajiri, moteri ikiwa baridi, fungua kontakti bila kuwasha moteri, upime volti kwenye skrubu mbili kubwa. Moja ina volti za batri. Ya pili iwe karibu sawa nayo. Kama ya pili haina kitu, rele ndiyo mgonjwa, na bei yake ni ndogo. Taa ya dashibodi usiiamini: inahesabu muda tu, haijui kama bujia zimepata moto.

Mtoto_wa_Kamalondo
Mimi mwana wa Lubumbashi, naishi Winnipeg, Kanada. Huku baridi inafika digrii 30 chini ya sifuri, na waya kama huo uko kwenye magari mengi. Maegesho yana prizi kwenye nguzo, tunachomeka saa chache kabla ya kuondoka. Rezistansi imezama ndani ya maji ya kupoza moteri, kwa 7.3 iko upande wa dereva, karibu na chujio la mafuta ya moteri.

Tafadhali sikiliza hili: ni ya volti 120. Yenye wati 1,000 ina omu kama 14. Omu hizo hizo kwenye volti 220 za nyumbani kwako ni zaidi ya wati 3,300. Itaungua.

Kuipima ni rahisi. Weka multimeta kwenye meno mawili bapa: ukisoma karibu omu 14, ni nzima. Usiposoma kitu, chomoa waya pale unapoingia kwenye moteri upime tena hapo, kwa sababu pengine ni waya tu uliokatika. Kisha pima jino bapa na lile la duara: hapo pasionekane kitu, la sivyo umeme unavuja kwenye bodi.

Mama_Njanja
Hayo ya volti yalinipata mimi. Kamyo yangu ndogo nayo ilikuwa na waya wa namna hiyo. Ilikuwa Julai, nina magunia ya mahindi ya kupeleka Likasi alfajiri. Shofa alinunua adapta sokoni, akachomeka waya jioni akidhani ananisaidia. Jioni hiyo umeme ulikuwa dhaifu, taa zinawaka kama mshumaa, basi hakuna kilichotokea. Saa nane ya usiku umeme ukarudi na nguvu zake zote. Niliamshwa na harufu. Prizi ya ukutani ilikuwa nyeusi, ukuta wenyewe unachoma mkono, na watoto wanalala chumba cha nyuma yake. Hata leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Asubuhi gari ikawaka, tukadhani yameisha. Kumbe rezistansi ilikuwa imepasuka, maji yanatoka tone kwa tone, na hakuna aliyeinama kuangalia chini. Njiani sindano ya joto ikapanda. Shofa akaendelea mpaka penye kivuli, na huko kuendelea ndiko kuliniua: jointi ya kulasi (kichwa cha moteri) ikaungua. Mahindi yakalala barabarani siku mbili, nikilipa walinzi. Fundi aliyeing'oa ile rezistansi akaziba tundu kwa bati na gundi. Septemba likavuja tena. Nikalipa mara ya pili. Ukiing'oa, dai kifuniko chenye kipimo chake.

Papa_Ruashi
Pole sana mama. Ndiyo maana nasema hivyo vitu ving'olewe. Hapa kwetu maji hayagandi ndani ya radiata, hata antijeli, ile dawa ya kuchanganya na maji ya radiata, ni kupoteza dola. Maji ya bomba yanatosha.

Fundi_Katuba
Hapana, mzee, hapo siwezi kunyamaza. Antijeli haizuii barafu tu. Inazuia kutu, inachelewesha maji kuchemka. Moteri ya 7.3 inahitaji hata dawa ya kuongeza, kwa sababu ya vipovu vinavyotafuna kuta za silinda polepole mpaka zitoboke. Na maji ya bomba yanaacha chokaa juu ya rezistansi, joto halitoki, nayo inaungua.

Papa_Ruashi
Malori yangu yamekunywa maji ya bomba na bado yanafika Kolwezi.

Likasi_Barabarani
Mimi napuliza eta, ile dawa ya kopo ya kuwashia moteri, kwenye chujio la hewa, gari inawaka mara moja.

Fundi_Katuba
Kwa moteri yenye bujia usifanye hivyo! Eta inashika moto kabla ya wakati wake, inaweza kuvunja pistoni. Mwana Kampemba, jambo moja: una mafuta gani ndani ya moteri? Kwa 7.3 mafuta ya moteri ndiyo yanayosukuma injekta, zile zinazopuliza mazutu kwenye silinda. Yakiwa mazito, asubuhi injekta zinachelewa.

Mwana_Kampemba
Fundi alitia 20W-50 mwezi wa tano. Rele nimeipima leo alfajiri: skrubu moja 12.4, ya pili 12.3. Kwa hiyo rele ni nzima?

Fundi_Katuba
Rele inapitisha, ndiyo. Lakini 12.4 yenyewe inanitia wasiwasi. Bujia 8 nzima zinavuta zaidi ya amperi 100, batri ilipaswa kushuka wazi mbele ya macho yako. Inaonekana hakuna anayevuta. Chomoa soketi kwenye jointi za vifuniko vya valvu uone kama zimeungua, kisha pima kila bujia kwenda masi (chuma cha moteri): nzima iko chini ya omu 2. Na mafuta yarudi 15W-40, 20W-50 ni mazito kwa baridi.

Mwana_Kampemba
Soketi ya upande wa dereva imegoma kutoka, naogopa kuivunja. Mnatumia nini?

Likasi_Barabarani
Mkiwa hapo hapo: Canter yangu nayo inatoa moshi mweupe, lakini mchana, ikiwa imeshapata moto. Hiyo nayo ni bujia?