Mbwa wa kurunzi: koli-greihaundi, wipeti-Bedlington au chotara wa saluki?

Fundi Uzio (Powys)

Wakuu, heshima kwenu. Niko Wales mwaka wa sita, kazi yangu kutengeneza nyuzio mashambani. Mfugaji mmoja wa kondoo kaniruhusu kuwinda sungura kwake usiku, maana wamemmalizia majani ya kingo zote za malisho. Natafuta lacha.

Kwa asiyemjua: lacha si mbegu moja ya mbwa. Ni chotara wa mbwa wa mbio (greihaundi, wipeti au saluki) na mbwa wa kazi (kama koli wa kuchunga kondoo, au teria), au hata wa mbio kwa mbio, na Uingereza na Ireland wamechanganya hivyo tangu enzi za mababu zao. Usiku unatembea naye, unawasha kurunzi, sungura aliyetoka kula anang'aa macho, unamwachia mbwa. Anakimbia ndani ya mwanga, anamkamata, anakuletea mkononi.

Nimepata watatu. Mmoja dume wa wiki tisa, baba koli, mama greihaundi. Mwingine jike wa wiki kumi, wipeti kwa Bedlington teria, akikua hatazidi sentimita 53 begani. Wa tatu mtu mzima kabisa, dume wa miaka miwili, saluki kwa greihaundi, sentimita 68, na muuzaji anasema "keshazoea taa". Kusema kweli huyu wa tatu ndiye moyo unamtaka. Mtoto wa mbwa nitamngoja mwaka mzima.

Mzee Betri

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Umeanzia mkiani, kijana. Kabla ya mbwa niambie hivi: sungura wa huyo mfugaji wakitoka kula, wanafika hatua ngapi kutoka kwenye ua? Nenda usiku umulike, ukumbuke walipokaa, mchana urudi uhesabu. Hapo ndipo mbwa anapochaguliwa. Kwenye vishamba vidogo vya Wales vyenye ua wa michongoma kila upande, sungura ana sekunde chache tu afike kwake. Unahitaji mbwa anayefyatuka kama manati na kukata kona. Saluki injini yake inapata moto wakati sungura keshaingia ndani na kufunga mlango.

Greihaundi mtupu ana mbio, zaidi ya kilomita 60 kwa saa, lakini hana breki. Sungura akigeuka ghafla, yeye anaendelea mpaka kwenye ua. Ndiyo maana watu walimtia damu ya koli: utii, manyoya, miguu isiyochoka. Ila koli naye ana ubaya wake, ana akili kupita kiasi. Niliwahi kuwa na mmoja, akifika mwaka wa tatu aliacha kukimbiza. Ukimwachia anakwenda moja kwa moja kwenye tundu la ua na kukaa pale kama askari wa geti, akingoja sungura aje mwenyewe. Mara nyingine alipata. Mara nyingi sungura alitumia mlango mwingine.

Bin Salum (Muscat)

Ndugu zangu, saluki msimvunjie heshima. Huku Uarabuni ni mbwa wa kifahari, na kwenye uwanda mtupu, mchana, mbio za kilomita nzima na zaidi, hao wengine wote watabaki wakihema. Lakini Mzee Betri kasema kweli: si mbwa wa kishamba chenye ua. Na kumwita arudi ni dua tu. Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji amfungue uwanjani kisha amwite, nawe umesimama unatazama saa.

Nesi wa Wanyama (Leeds)

Mimi nawaona asubuhi, mezani, baada ya sifa zenu za usiku. Seng'enge ndiyo adui namba moja. Ngozi ya mbwa wa mbio ni nyembamba, inachanika kama mfuko wa nailoni, hasa kifuani na mapajani. Baada ya hapo vidole vya miguu: anageuka kwa kasi kwenye ardhi ngumu, kidole kinatoka au kinavunjika, na huyo msimu umekwisha. Manyoya ya Bedlington yanasaidia kidogo kwenye miiba. Kwenye seng'enge hakuna manyoya.

Fundi Uzio, wewe una bahati kuliko wote humu, nyuzio unazijua kwa majina. Pita mchana. Malisho yenye waya uliolegea au kipande cha bati kwenye majani, usimwachie mbwa humo, hata ukiona sungura ishirini. Na usimlishe akashiba halafu umkimbize.

Kamau wa Nakuru

Nimesoma hadi mate yamenitoka 😂 Niko na mbwa wawili wa boma, wembamba, wana mbio. Spotlaiti ni ya kukodi tu. Naweza jaribu huku?

Mama Twaha (Hereford)

Kamau mwanangu, usijaribu. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na KWS, askari wa wanyamapori, hawatakuuliza mbwa ni wa mbegu gani.

Na huku pia kuna mipaka, kwa sababu Fundi Uzio hakuigusa. England na Wales, Sheria ya Uwindaji ya 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, ilikataza kuwinda wanyama pori kwa mbwa, ila sungura na panya waliachwa, kwa sharti uwe kwenye ardhi yako au umeruhusiwa na mwenyewe. Sungura ninaowasema ni hawa wadogo wanaochimba mashimo. Yule mkubwa wa masikio marefu anayelala juu ya ardhi, ambaye sisi kwa Kiswahili tunamwita sungura huyohuyo, hairuhusiwi kumkimbiza, wala mbweha, wala paa. Akitokea kwenye mwanga, zima taa na umshike mbwa. Uskoti ndiyo usiende kabisa na mbwa wa kukamata, sheria yao ya 2023 inamlinda hata huyu mdogo. Ruhusa ya mfugaji iombe kwa maandishi, uitembeze mfukoni. Bila ruhusa, sungura wa usiku ni kosa tangu sheria ya 1828.

Mzee Betri

Mama Twaha kanifupishia. Niseme mafunzo.

Miezi yote ya mwanzo kurunzi ibaki kabatini. Mbwa ajifunze kuja akiitwa, kuleta kitu na kukiweka mkononi, kuruka geti kwa amri, na zaidi ya yote kondoo. Mpitishe katikati ya kondoo akiwa kwenye kamba kila siku mpaka awaone kama mawe. Mbwa akigusa kondoo mmoja wa huyo mfugaji, ruhusa imekwisha, na huenda mbwa naye kaisha.

Usiku wa kwanza uwe wa giza na upepo, usiwe wa mbalamwezi. Upepo ukupige usoni. Tafuta sungura aliyejibana chini, mbali na ua, msogelee mkiwa na mwanga. Usimwachie mbwa kabla hajamwona. Mwanga ubaki kwa sungura, usimmulike mbwa machoni ukampofusha. Na hili wengi wanalikosea: sungura akiingia ua, zima. Giza ndilo linalomfundisha kurudi kwako. Ukiendelea kumulika, mbwa atazunguka malisho akijitafutia mwenyewe, na baada ya wiki mbili una mbwa wa kila mtu.

Mbio tatu, kisha nyumbani. Mbwa akifika miezi kumi na miwili hivi ndipo uanze.

Mama Twaha (Hereford)

Hapo kwenye miezi kumi na miwili nakukatalia, Mzee. Wipeti-Bedlington anakomaa mapema, wangu alianza na miezi kumi na hakuharibika. Wa saluki nilimngoja hadi mwaka na nusu na bado alikuwa mtoto. Umri usiutazame kwenye kalenda, tazama miguu na kichwa.

Mzee Betri

Na mimi nimeona wa miezi kumi waliokata tamaa. Mbwa mdogo akikosa mfululizo anaanza kubweka mbioni. Kubweka kukishaingia hakutoki, na sungura wa shamba zima wanajua umefika.

Nesi wa Wanyama (Leeds)

Mifupa nayo haijui kubishana. Ngojeni mwaka.

Fundi Uzio (Powys)

Shikamoo Mzee, nilikosa adabu pale mwanzo.

Nimehesabu. Aliyekwenda mbali kuliko wote alikuwa hatua 58 kutoka kwenye ua. Wengi hawafiki 30.

Na saluki nilimwendea Jumamosi. Kufunguliwa tu, akaondoka kama mshale, mzuri ajabu, nikasema huyu huyu. Muuzaji akapiga mluzi. Akapiga tena. Tulisimama kwenye mvua dakika 25, yeye yuko juu kilimani anatutazama. Mwishowe muuzaji akawasha gari ajifanye anaondoka, ndipo mbwa akashuka. Niliaga kwa upole.

Nimechukua jike wa wipeti-Bedlington. Ana siku nne nyumbani. Namtupia soksi kwenye korido, anaikimbilia vizuri, anaiokota, halafu anakwenda nayo kitandani kwake. Nikimfuata anadhani ni mchezo.

Mzee Betri

Mbona unamfuata? Kitanda chake kiweke mwisho wa korido, wewe piga goti katikati, mgongo umelekea kitandani, milango mingine ifunge. Tupa soksi upande wa pili. Njia ya kwenda kwake itapita kwenye mikono yako. Akifika usimpokonye, mkune kifua kwanza akiwa nayo mdomoni. Mara mbili kwa siku, basi. Ya tatu iache hata akiitaka.