Mjadala: Mhasibu akishika usukani wa kampuni, ubunifu hufa?

MAMA SHELA: Limenigusa hili. Hoteli niliyopika Malindi ililetewa meneja mhasibu. Tuliomba jokofu kubwa tununue samaki kwa wavuvi alfajiri, akauliza, "Litarudisha pesa lini?" Tukaishia kula samaki wa barafu wa kutoka Mombasa. Lakini M-Pesa ilianza 2007 chini ya Michael Joseph, mhandisi aliyeongoza Safaricom. Mtu wa hesabu angethubutu?

MHASIBU MKOMANI: Dada, umetutukana wengi. Wazo la M-Pesa lilitoka kampuni ya Vodafone ya Uingereza, na serikali ya huko ilitia pesa kwenye majaribio. Na Boeing, waunda ndege, je? Bosi wao Muilenburg alikuwa mhandisi, na ndege zao mbili za 737 MAX zikaanguka, 2018 na 2019. Ya pili ilikuwa yaja Nairobi. Uhandisi wake ulimwokoa nani?

KIJANA WA MALINDI: Bob Collymore, aliyemrithi Joseph pale Safaricom, hakuwa na digrii, na M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ilitoka 2012 yeye akiwa bosi. Mimi naona anayoyazoea mtu ndiyo humfunga. Kodak, kampuni ya filamu za kamera, walikuwa na kamera ya dijitali tangu 1975, kazi ya mhandisi wao Steven Sasson. Wakubwa walilelewa na filamu, wakashindwa kuiachia. Nahodha si lazima ajue kuchonga jahazi, bora amsikilize fundi.

FUNDI WA MATONDONI: Kijana, hapo umenichoma. Nahodha asiyejua kalafati ni abiria! Mimi hugonga pamba kwenye maungio ya mbao, na nyundo ikibadilika mlio najua pamba imeshiba. Nahodha asiyeujua mlio ule atajuaje kama fundi kamdanganya?

KIJANA WA MALINDI: Mzee wangu, shikamoo, sikukudharau. Lakini kusi likivuma, nani humwita fundi?

FUNDI WA MATONDONI: Marahaba. Maji yakiingia, utaniita.

BINTI LANGONI: Baba yangu alikuwa nahodha miaka thelathini, hakuwahi kushika nyundo, wala hakupoteza chombo. Msimwite abiria.

FUNDI WA MATONDONI: Mwanangu, sikumkusudia baba yako. Niwie radhi.

MHASIBU MKOMANI: Nirudi kwa dada. Lori la Mombasa liligharimu kiasi gani kwa mwezi? Kama meneja hakuweka gharama hiyo kando ya bei ya jokofu, hakufanya uhasibu.

MAMA SHELA: Cheti chake kilitundikwa ukutani, kaka. Gharama za lori tuliziandika sisi jikoni kila Jumanne, kwenye daftari lenye jalada jekundu. Hata siku moja hakushuka kuliomba.